Mandola ya Milango Miwili

Mwaka ule baada ya mafuriko, mke wangu alikuwa anapiga mandola kama mtu anayebisha mlango wa duka akijua mwenye duka yumo ndani na hataki kufungua. Risha, kile kipande cha pembe ya ng'ombe anachopigia nyuzi, haikuwa inadumu mikononi mwake, na mimi ndiye niliyekuwa nikimchongea nyingine. Nyuzi zilikatika. Kuku walihama uani. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, lakini kwa hili nilinyamaza, kwa sababu nilijua kinachompigisha hivyo. Alikuwa haisikii mandola yake mwenyewe.

Kazi yangu ni useremala. Natengeneza milango, vitanda na makabati hapa Garsen, katika kibanda cha mabati kando ya barabara ya kwenda Witu. Nimezaliwa Ndera, juu huko mtoni, mtoto wa mchonga mizinga ya nyuki. Mke wangu ni wa Kipini, na tofauti ya kwetu na kwao imetuchekesha na kutugombanisha tangu tuoane: mimi nakagua mbao, yeye anakagua Kiswahili changu na kukisahihisha mbele ya wageni. Alipokuja kwangu alikuja na kasha la nguo, mbuzi ya kukunia nazi, na mandola ya marehemu babake.

Asiyeijua mandola na aichukue mandolini ya taarabu, aikuze tumbo kidogo na kuishusha sauti. Ina nyuzi nane zilizopangwa jozi jozi, na sauti yake iko chini, karibu na ya mwanamke mtu mzima anapozungumza bila haraka. Baba mkwe alikuwa akiipiga harusini. Wanawe wa kiume hawakutaka kujifunza, kwa hiyo akamfundisha binti. Watu wakasema, na yeye akawaacha waseme.

Mto ulipopanda tulihamia kambini kwenye mwinuko, chini ya maturubai, na mandola ilikuja nasi imefungwa kwa leso mbili. Maji ya mto hayakuifikia, ila mvua na unyevu viliipata. Mke wangu naye alishikwa na homa kambini, kisha masikio yakaanza kutoa usaha. Tuliporudi nyumbani na kukwangua matope ukutani, sikio la kulia lilikuwa limekufa na la kushoto limebaki nusu. Hospitalini Hola tuliambiwa ukweli huo kwa upole. Baadaye alipata kifaa cha kuvaa sikioni. Kilimletea pikipiki zote za Garsen, lakini mandola, alisema, ilisikika kama mtu anayekwangua ukoko wa sufuria. Akawa anakivaa sokoni na kukivua kila aliposhika nyuzi.

Anapiga na kikundi cha wanawake cha harusi. Kuna mwimbaji, ambaye ndiye mkuu wao, kuna ngoma mbili, kuna pembe za vugo zinazogongwa kwa vijiti, na kuna mandola. Siku moja mwimbaji alikuja nyumbani na mahamri yamefunikwa kwa kitambaa. Nilipoyaona mahamri nikajua kuna jambo. Alizunguka weee, akauliza hali ya kila mtoto, na mwisho akasema mandola imekuwa na kelele mno, inameza maneno ya wimbo, na watu wa harusi mbili sasa wamenung'unika. Harusi ya binti yetu ilikuwa imepangwa Mfungo Mosi, Kipini, nyumbani kwa bibi yake. Mwimbaji aliona ni heri siku hiyo mke wangu akae kwenye kiti kizuri, apambwe, atunzwe kama mama wa bibi harusi, na wao wamwite msichana wa kinanda kutoka Malindi.

Mke wangu aliyasikia yote, maana yule mama ana sauti ya kuvuka mto. Alimshukuru kwa mahamri. Mgeni alipoondoka, akaishika mandola na kuipiga kwa nguvu ambazo sijawahi kuziona. Uso wake, yaani ule ubao wa mbele wenye tundu, ambao unyevu wa kambini ulikuwa umeshaulegeza, ukabonyea pale panapokaa kijiti kinachobeba nyuzi. Akaja nayo kibandani na kuiweka juu ya mlango niliokuwa naupiga randa.

“Sitaki kukalishwa kitini arusi ya mwanangu,” akasema. “Nataka kupiga, na nataka nisikie ninachopiga.”

Basi nikaacha milango ya watu.

Uso wa zamani ulikuwa na tundu moja la umbo la yai, karibu na shingo. Ningekuwa na akili ningeliiga tu. Lakini mtu akishalelewa katika kazi fulani, mikono yake huwa na dini yake. Kwetu Ndera mzinga ni gogo lililochimbwa ndani, na kitu cha kwanza alichonifundisha baba ni kwamba tundu la mzinga huwa dogo. Nyuki apite, nyegere asipite, upepo usipite. Tundu kubwa, alikuwa akisema, ni uvivu wa mchongaji. Nikalitazama lile yai na kumwona fundi wa kwanza kuwa mtu wa ovyo, kaiachia sauti mlango wazi ijitokee yote mara moja. Nikapata ubao wa msonobari kutoka sanduku la mizigo, nikauranda ukawa mwembamba hata ukiugonga kwa kidole unaitika, nikatoboa katikati duara moja dogo, safi, la nyuki kabisa. Nikaugandisha kwa gundi ya ngozi ya ng'ombe, ile ya kuchemsha, ambayo huachia ukiipitishia kisu cha moto. Siku hiyo nilijisifu sana.

Mandola ikaongea kama mtu aliyejifunika blanketi. Sauti ilikuwa nzito, nene, yenye kuvuma na kukawia, lakini pigo la risha halikuwa na ncha, na zile jozi za nyuzi nyembamba zilikuwa kama hazipo. Mke wangu aliinamisha sikio la kushoto, akapiga, akapiga tena kwa nguvu zaidi.

“Nasikia mvumo,” akasema. “Maneno siyasikii.”

Nilipoufikiria mzinga vizuri niliona nilipojikwaa. Nyuki hataki kusikika. Mzinga mzuri ni ule ambao mtu hupita chini yake asijue kuna wenyewe. Mimi nilikuwa nimeichukua hekima ya kuficha nikaitia kwenye kitu kilichoumbwa kutoa. Niliubandua ule uso kwa kisu cha moto, nikautundika ukutani, mahali ambapo ningeuona kila asubuhi na kukasirika.

Kwa wiki nyingi nikawa mtu wa matundu. Nilipuliza midomo ya chupa na makopo. Nilifunika nusu ya mdomo wa mtungi kwa kiganja na kusikiliza. Mteja mmoja wa kitanda alinikuta nimeingiza pua kwenye kibuyu, akaniuliza kama niko sawa, nikamwambia aje wiki ijayo. Polepole nikaanza kuelewa kitu, ingawa sidai kukielewa chote. Hewa iliyo tumboni mwa mandola hupumua. Tundu likiwa dogo, pumzi hubanwa na sauti hushuka, ikawa nzito na ya ndani. Ukilipanua, sauti hupanda na kuchangamka. Umbo nalo lina kazi yake. Mpasuko mrefu una ukingo mwingi kuliko duara linalolingana nalo kwa ukubwa, na hewa inaonekana inapenda kupita ukingoni. Halafu kuna ubao wenyewe: ukitoboa karibu na shingo, tumbo la chini linabaki zima na mvumo unakaa, ukipasua ubavuni mwa kile kijiti, unakata nyuzinyuzi za mti wenyewe, na ubao wa katikati unakuwa huru kurukaruka. Sikufundishwa haya na mtu. Niliyapata kwa kuharibu mbao.

Uso wa pili niliupa mipasuko miwili iliyopinda, kama ya fidla, mmoja kila upande wa kijiti. Huo uliongea. Sauti ilitoka kali, ya haraka, ikapiga na kukatika, kila uzi na neno lake. Msomali mwenye duka ng'ambo ya barabara alivuka mwenyewe kuja kuniambia kuwa siku hiyo ameisikia mpaka nyuma ya magunia ya sukari, na kwamba ikiendelea hivyo itamletea wateja. Nikamwita mke wangu kwa majivuno. Alikaa kwenye kigoda changu akapiga wimbo mmoja mzima. Mpita njia alisimama. Mwenye duka akapiga makofi. Mimi nilikuwa namtazama mkono, na mkono ule ulikuwa unapiga kwa nguvu zaidi kuliko mwanzo. Alipomaliza akailaza mandola mapajani.

“Inawaambia wao,” akasema. “Mimi hainiambii kitu.”

Hapo nilikasirika kweli. Nilisema mambo kuhusu watu wasiotosheka, kuhusu milango ya wateja iliyokuwa inanisubiri, kuhusu Kipini na wote waliozaliwa huko. Yeye aliendelea kuifunga mandola kwenye leso. Hilo ndilo tatizo la kugombana na mtu mwenye nusu ya sikio: humalizi ukajua kama umeshinda. Usiku huo tulikula kila mtu akitazama sahani yake, na nilikuwa na huzuni, kwa sababu Ramadhani ilikuwa imekaribia na baada yake ni harusi, na msichana wa kinanda alikuwa ameshaambiwa aje.

Kabla ya mfungo ndugu yangu mkubwa aliniita Ndera. Mto ulikuwa umechukua mizinga yake mingi na alitaka nimsaidie kuchonga mingine na kukagua ile iliyobaki juu ya miti. Nilikwenda kwa furaha, kusema kweli nilikuwa nakimbia mandola.

Ambaye hakuzaliwa kwetu huenda hajui kwamba mzinga una milango miwili. Mbele ni lile tundu dogo la nyuki. Nyuma, upande wa pili wa gogo, kuna kifuniko cha ubao, na huo ndio mlango wa mrina, mtu anayekwenda kutoa asali. Mrina haendi mbele hata siku moja. Hufika kwa nyuma, hugonga gogo kwa ukucha, huweka sikio kwenye kifuniko, na hapo anajua: wako wengi au wachache, wametulia au wana ghadhabu, kuna asali au hakuna. Nimefanya hivyo tangu nikiwa mdogo kuliko shoka la baba, na sikuwahi kukaa nikakifikiria. Ni kama kufikiria namna unavyomeza mate.

Alasiri hiyo nilipanda mti wa kwanza, nikagonga, nikaweka sikio nyuma. Kundi zima lilikuwa ndani ya kichwa changu. Nilisikia mvumo wa chini na juu yake zile sauti ndogo ndogo za mmoja mmoja. Kisha, sijui kwa nini, nikajivuta kando ya tawi nikaenda mbele, na kusogeza sikio karibu na tundu la nyuki. Karibu kimya. Nyuki mmoja akanipa zawadi kwenye nyusi. Ndugu yangu alicheka kule chini akaniuliza tangu lini mtoto wa mrina anakwenda kwa mlango wa mbele. Nilikuwa nimekumbatia mti, jicho linavimba, na akilini nimemwona mke wangu ameketi nyuma ya mandola yake.

Matundu yote niliyokuwa nimeyatoboa, la duara na yale ya fidla, yalikuwa usoni, na uso unawatazama wageni. Mpigaji yuko nyuma. Yeye hupata masalio ya sauti, yale yanayogonga ukuta na kurudi. Mtu mwenye masikio mawili huishi vizuri kwa masalio hayo, wala hajui kuwa ni masalio. Nilikuwa nimebadilisha mlango wa nyuki mara mbili, mdogo na mkubwa, na mrina wangu nimemwacha bila mlango.

Nilirudi Garsen na jicho moja limefumba. Nikamweleza, nikisema kwa sauti upande wake wa kushoto, kwamba tundu linatakiwa ubavuni, upande wa juu, lielekee sikio lake. Alielewa kabla sijamaliza. Nami nikaona kitu kingine machoni mwake. Mbavu zile, mbao zilizopinda za pembeni mwa tumbo, ndizo pekee zilizobaki za babake. Uso wa zamani ulikuwa umekwisha. Vigingi vya kukazia nyuzi nilishavibadilisha miaka mingi iliyopita. Mbavu zilikuwa zimepindwa kwa moto na fundi nisiyemjua, na mimi sina ujuzi wa kupinda nyingine. Uso ukiharibika nitaranda ubao mwingine. Ubavu ukipasuka, mandola ya baba mkwe imekwisha, na karibu na harusi.

Alipitisha kidole pale rangi ilipofutika, mahali mkono wa babake ulipokuwa ukilala. Kisha akaingia ndani akarudi na piko, rangi nyeusi ya kumchorea bibi harusi, ile ile aliyomnunulia binti yake. Akaketi, akaikumbatia mandola kama anayeanza wimbo, akafumba macho, akainamisha shingo. Kidole chake kikatembea juu ya ubavu, kikasimama. Akatia hapo alama nyeusi.

“Hapa,” akasema. “Toboa.”

“Na babako?”

“Baba alikuwa na masikio mawili.”

Nilitoboa. Mlango wa mteja ukipasuka, mwenye mlango hukutukana na mambo yakaisha, lakini ubavu huu ukipasuka hayaishi. Nilianza kwa keekee ndogo, nikaendelea kwa kisu na msasa, mpaka likawa yai dogo la kupitisha vidole viwili. Ubavu ulivumilia. Nikajaribu na uso wa mipasuko, na sauti ikawa nyepesi mno, tumbo halina tena pumzi: milango ilikuwa imezidi. Nikakaa chini nimevunjika moyo. Macho yakapanda ukutani, kwa ule uso wangu wa kwanza, wa tundu la nyuki, niliokuwa nikiukasirikia kila asubuhi.

Nilipougandisha, mvumo ulirudi, nao ukawa na ncha. Kilichobanwa mbele kilikuwa kimepata pa kutokea juu. Ukisimama mbele unasikia mandola nzito, ya heshima, si kubwa sana. Ukiinamisha kichwa pale palipokuwa na alama ya piko, unasikia nyuzi zote nane, na hata kucha ikigusa mti.

Mke wangu alipiga jozi moja moja, kuanzia nene. Alipofika ya tatu akasimama, akapiga tena, akanitazama kwa ukali.

“Hii imelegea,” akasema. “Tangu lini?”

Ilikuwa imelegea tangu kambini. Akaikaza, akaifunga mandola kwenye leso, akaingia nayo ndani. Hakunipigia wimbo hata mmoja. Mwezi wote wa Ramadhani alikuwa akifanya mazoezi chumbani baada ya futari, mlango umefungwa, na mimi nje sikuambulia kitu. Alipomwomba mwimbaji apige siku ya harusi, alipata jibu la nusu nusu tu: wataona siku hiyo, na kinanda kitakuwepo kwa tahadhari.

Siku ya kumtoa bibi harusi, wanawake walikuwa ndani ya ua wa mama mkwe na sisi wanaume nje, kwenye mikeka chini ya turubai, kwa kahawa chungu na haluwa. Ndivyo ilivyo, na mimi sina ugomvi na desturi, ila siku hiyo niliuchukia ule ukuta. Nilikuwa nimekaa karibu nao kuliko ilivyo adabu. Pembeni yangu alikuwa baba wa bwana harusi, na kwa ujinga wangu nilikuwa nimemsimulia mambo ya mandola tangu asubuhi. Mzee wa watu alikuwa anaisubiri.

Vugo zikaanza, zikafuata ngoma, kisha mwimbaji na ile sauti yake ya kuvuka mto. Mandola haikusikika. Nilisubiri ubeti wa pili. Hakuna. Nikaona wamemkalisha kitini. Nikamwona akilini amepambwa, mikono mapajani, anatabasamu kwa watu. Hata kinanda sikukisikia, lakini hilo sikulifikiria wakati ule.

Kisha vugo zikapumzika kidogo, mwimbaji akavuta pumzi, na chini kabisa, nyuma ya ukuta, nikaisikia. Ilikuwa ndogo. Ilikuwa inatembea chini ya wimbo pole pole, uzi kwa uzi, bila kumkanyaga mtu, kisha vugo ziliporudi ikapotea tena. Mwaka mzima nimeisikia mandola ile hata nikiwa ng'ambo ya barabara. Sasa nilikuwa nimezuia pumzi na bado naipata kwa taabu. Hivyo ndivyo alivyokuwa akipiga kabla ya mafuriko, wakati hakuwa na sababu ya kubisha mlango.

Nikainua kikombe cha kahawa kinifunike macho, na kahawa ilikuwa imekwisha zamani.

Baba wa bwana harusi akanigusa goti. “Mbona haisikiki hiyo mandola yenu?” akauliza.

“Inasikika,” nikamwambia. “Anaisikia mwenyewe.”